Mchuaji Asiyeandika

Nina miaka sabini na nne kwa hesabu ya kitambulisho. Kwa hesabu ya marehemu mamangu nina sabini na sita, lakini mama alikuwa akinizidishia ili niposwe mapema, kwa hivyo usimwamini sana. Kazi yangu ni kuchua. Aliyeteguka kifundo, aliyeamka na shingo iliyokataa kugeuka, mzazi anayetaka tumbo lirudi, mtoto mchanga wa kunyooshwa viungo, wote huletwa kwangu hapa Mji wa Kale. Huwalaza mkekani, nikawafunika leso, nikawapaka mafuta ya simsim yaliyopashwa moto kidogo, kisha mikono ikafanya kazi yake na mdomo ukafanya yake. Nusu ya maumivu ya watu hutoka kwa kucheka. Nusu nyengine ndiyo ninayoichua.

Kazi hii ina adabu. Shangazi yangu alinifundisha adabu hiyo kabla hajanionyesha hata pa kuweka kidole gumba: unaloliona chini ya leso, liache chini ya leso. Mwili wa mtu si gazeti. Nami nimeona mengi. Nimemchua bibi harusi aliyejiandika kwa hina, mahali ambapo mpambaji hafiki, jina la mwanamume ambaye siye aliyekuwa akimuoa. Nilinyamaza, harusi ikafana, nikala pilau sahani mbili.

Nayasema haya mwanzo ili ijulikane kwa nini Nabiha alinichagua mimi.

Nabiha ni shoga yangu tangu chuo cha Kurani. Tulikaa mkeka mmoja mbele ya mwalimu, yeye akisoma vizuri na mimi nikimchekesha mpaka achapwe yeye. Hakunitaja hata siku moja. Mume wangu alipofariki, nikakaa eda miezi minne na siku kumi, na siku zote hizo Nabiha ndiye aliyenipikia. Hakukosa siku hata moja, ingawa chumvi alikuwa akikosea nyingi. Anaishi nyumba ya pili kutoka yangu, pamoja na mwanawe Akil, ambaye ana duka la leso Biashara Street, na mjukuu wake Amatullah, mtoto wa Akil, mwenye miaka tisa. Mama wa mtoto, Jannat, aliachwa, akaenda Uarabuni kufanya kazi za nyumba. Mtoto akabaki kwa baba na bibi.

Amatullah aliletwa kwangu mara ya kwanza mwaka jana, kifundo cha mguu kimevimba. Nabiha alisema ameanguka ngazini. Kwetu hilo halimshangazi mtu. Nyumba zetu ni za ghorofa, ngazi zake zimesimama kama zimekasirika, na hakuna mtu wa mtaa huu ambaye hajawahi kuzishuka kwa makalio. Nilimchua mtoto, nikamwambia mguu wake umechoka kukaa chini ya mtu mwenye maneno mengi. Hakucheka. Nikadhani kichekesho changu kimechakaa.

Mara ya pili ilikuwa mgongo. Nilipofunua leso niliona alama nne za buluu, zimepangana, na ya tano imejitenga upande wa pili wa bega. Mimi ni mtu wa vidole. Naijua alama ya vidole kama muuza samaki anavyowajua samaki wake. Nikamtazama Nabiha, naye akaitazama chai yake. Akasema watoto wa siku hizi hucheza kwa kushikana vibaya. Nikasema, kweli. Neno hilo nimelisema kwa mdomo wangu, na sina wa kumsingizia.

Mara ya tatu ilikuwa Ramadhani, mkono wa kushoto. Nabiha alikaa kichwani mwa mtoto, akimshika nywele na kumwambia asilie, Bi Mwanakuu ana mikono ya dawa. Mtoto hakulia. Nilimsifu. Nilimpa kashata mbili afungulie saumu, maana alikuwa akifunga nusu siku na kujidai amefunga yote. Mara ya nne ilikuwa mbavu. Hapo sikuuliza kitu, wala Nabiha hakunieleza. Tulizungumza habari za harusi ya watu.

Mara ya tano ilikuwa Jumamosi, saa tatu ya asubuhi. Nabiha aliingia na mtoto kabla hajabisha hodi, na kwa Nabiha hilo ni kama mtu mwengine kuingia bila nguo. Mkono wa Amatullah, ule ule wa kushoto, alikuwa ameukumbatia kifuani kama mtu aliyebeba paka. Ulikuwa umevimba kutoka kiwiko mpaka kiganja na umepinda mahali ambapo mkono hauna ruhusa ya kupinda. Uso wa mtoto ulikuwa na rangi ya unga.

Sikupaka mafuta wala sikugusa. Niliuweka mkono wangu juu ya leso, bila kuulalia, nikasikia joto linapanda. Nikamwambia Nabiha kwamba huu si wangu. Mimi nachua nyama na mishipa. Mfupa una wenyewe. Ampeleke hospitali sasa hivi, na asisimame njiani kuamkiana na watu.

Nabiha akanijibu niufunge tu na kitambaa, niukande kwa maji ya chumvi, utapoa. Nikamwambia hautapoa. Akasema nijaribu. Nikasema nikijaribu nitamlemaza. Ndipo akanivuta mpaka mlangoni, mtoto asisikie, akasema kwa sauti ndogo ya mtu anayekueleza jambo ambalo ulipaswa kulijua zamani:

"Mwanakuu, mimi siwezi kumpeleka kule. Wale siku hizi wamewekewa sheria. Wakiona mtoto ana alama, lazima waandike, na wakishaandika lazima wapeleke mbele. Akil atafungwa. Wewe huandiki. Ndiyo maana namleta kwako."

Nilisimama pale na kitambaa mkononi. Mwaka mzima nilikuwa nikijisifu moyoni kwamba Nabiha huniletea mjukuu wake kwa sababu mikono yangu haina mfano mjini. Kumbe shoga yangu alikuwa ametafuta mahali ambapo mtoto ataweza kuvunjwa na pasiandikwe, akatazama Mombasa nzima, akaniona mimi. Adabu ya shangazi yangu, vichekesho vyangu, mkeka wangu, vyote alivitandika juu ya alama za mwanawe.

Nikamuuliza alijua tangu lini. Akasema, "Ni babake. Ana hasira, lakini ni babake. Na mimi nina nani mwengine?"

Ningeweza kupiga kelele, lakini kelele ingemfanya amchukue mtoto na kuondoka, nami kwa miguu yangu hii nisingemfikia. Kwa hivyo nilifanya ninaloliweza: nikadanganya. Nikashusha pumzi, nikasema haya, tutamkanda. Lakini mafuta niliyo nayo yameingia ukungu, na mkono kama huu unataka simsim mbichi ya Abdulghafur kule Marikiti. Aende mwenyewe, amwambie ni ya Mwanakuu, la sivyo atapewa ya mwaka juzi. Nabiha akanishika bega. Akasema alijua sitamtupa. Kisha akajifunga buibui, akaniachia mtoto na kwenda.

Abdulghafur hamwachi mteja kabla hajamsimulia habari ya meno yake, lililong'olewa na linalongojea. Nilijua nina nusu saa.

Niliufunga mkono wa mtoto kifuani kwa leso, nikaita tuktuk. Njiani Amatullah akaniuliza tunakwenda wapi. Nikamwambia kwa mtu mwenye mashine ya kupiga picha mifupa, na ajitahidi kukaa vizuri, maana mifupa haijui kutabasamu. Hakucheka. Akasema bibi yake amekataza. Nikamwambia bibi yake amekwenda sokoni.

"Sema nilianguka," akaniambia.

"Ulianguka?"

Akageuza uso, akatazama maduka yanavyopita. "Sema tu, Bi Mwanakuu. Ukisema hivyo tutarudi nyumbani."

Mtoto ambaye hana chombo chengine ila maneno hayo mawili, unamwambia nini?

Hospitalini tulipokewa na daktari mmoja kijana aliyeitwa Kenneth, mtu wa bara, mpole, ambaye aliniita mama kila sentensi kana kwamba analipwa kwa idadi. Mtoto akapigwa picha. Kenneth akaiweka kwenye mwanga akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Hapa pamevunjika jana au leo. Kisha akashusha kalamu kidogo. Hapa palivunjika zamani, pakajiunga penyewe, vibaya kidogo. Akaniuliza kama nakumbuka mkono huu umewahi kuumia.

Nilikumbuka. Ramadhani. Nilikuwa nimemchua mtoto juu ya mfupa uliopasuka, kwa dole gumba, kwa nguvu zangu zote, huku nikimsifu kwa kutolia.

Kenneth akamuuliza Amatullah nini kilitokea, na Amatullah akasema ameanguka. Akamuuliza tena kwa upole, akasema ameanguka. Basi kijana yule hakumkera. Akamwita muuguzi ampeleke kufungwa plasta, akafunga mlango, akakaa mbele yangu.

"Mama, hapa sheria hainiachi nichague," akasema. "Mtoto akiletwa hivi, nikishuku tu, lazima nipeleke habari kwa afisa wa watoto. Sihitaji kuwa na hakika. Hakika wataitafuta wao. Nisiposema, mwenye kosa ni mimi."

Akatoa karatasi. Akaandika jina la mtoto, umri, mkono gani. Kisha kalamu ikasimama kwenye nafasi ya aliyemleta. Alinitazama. Labda aliona kitu usoni mwangu, maana alisema nikitaka ataandika jirani, basi.

Sitadanganya, nilifikiri. Nilifikiri mtaa wetu, baraza zetu, wanawake wanaoniletea watoto wao kwa sababu sina mdomo wa nje. Nilifikiri zile siku mia na thelathini za chakula chenye chumvi nyingi. Neno jirani lilikuwa zuri sana, lingenitosha mimi na buibui langu.

"Andika Mwanakuu binti Athman," nikamwambia. "Na uandike vizuri, nimelitunza miaka mingi."

Nabiha alifika kabla plasta haijakauka. Nilikuwa nimempigia simu mwenyewe. Aliingia na chupa ya simsim mkononi, hata hakukumbuka kuiweka chini. Hakumtazama mjukuu wake kwanza, alinitazama mimi. Akauliza nimewaambia nini. Nikamwambia nimewaambia jina langu, na picha imewaambia mengine. Akaniambia nimemtuma sokoni kama mtoto. Nikasema ndiyo. Hilo alikuwa na haki nalo, na sikumnyang'anya.

Alasiri ile afisa wa watoto, Bwana Baya, alifika na askari wa kike. Akil akachukuliwa dukani mbele ya wateja, na habari ikafika mtaani kabla yao. Mtoto akapelekwa kwa Fadhiya, dada wa mamake, anayekaa Likoni ng'ambo ya feri.

Siku zilizofuata mkeka wangu ulipoa. Mwanamke aliyekuwa akiniletea pacha wake kila asubuhi alipita mlangoni na pacha wote wawili, akakaza mwendo kama mimi ndiye ndui. Mzee mmoja wa mtaa, mtu wa heshima, alikuja kunishauri. Alisema kwa upole kwamba mambo ya nyumba hurekebishwa nyumbani, ningemwendea yeye na wenziwe wangemkanya Akil. Nikamuuliza kama hawajawahi kumkanya. Akatazama makubadhi yake. Akasema, mara mbili. Basi na yeye alijua. Nilimkaribisha kahawa, akasema ana haraka.

Wiki ya pili tuliitwa ofisini kwa Bwana Baya kutoa maelezo. Akil alikuwa nje kwa dhamana akingojea kesi, ameamriwa asimkaribie mtoto. Nilimkuta Nabiha ameshakaa, amevaa buibui lake la Idi. Fadhiya alikuwa nje kwenye benchi na Amatullah, plasta yake imeshachorwa maua kwa kalamu. Nilimwamkia mtoto. Aliitikia kwa macho ya chini, kama anavyoitikiwa mgeni. Nilimpeleka mahali alipokuwa ameniomba nisimpeleke. Alikuwa na haki na yeye.

Bwana Baya alikuwa mtu wa Kilifi, mzito wa maneno, na feni yake ilipiga kelele zaidi yake. Mlango uliachwa wazi kwa ajili ya joto. Akamwambia Nabiha aanze.

Nabiha akaanza vizuri. Alieleza ndoa ya mwanawe, talaka, shida za duka. Kisha akajiweka sawa kitini, na bila kunitazama akasema:

"Mtoto aliamka mkono unamuuma kidogo, ameulalia. Nikampeleka kwa huyu amchue. Nikaenda sokoni kwa mafuta, na yeye ndiye aliyenituma, mwulizeni. Niliporudi mkono umevunjika, naye amekimbilia hospitali kuficha. Ni mtu mzima, macho yamepungua, mikono imekuwa mizito. Mimi simlaumu. Lakini mwanangu hana kosa."

Huyu ndiye aliyechapwa badala yangu tulipokuwa na miaka saba na asinitaje, na sasa amenitaja kwa jambo ambalo sikulifanya, tena amelipanga vizuri, amelitilia na huruma juu, ili niende nalo kimya kimya. Nikajua hakulibuni pale. Alikuwa amelala nalo siku kadhaa.

Bwana Baya akaniuliza kama kweli nilimtuma sokoni. Nikasema kweli. Akaniuliza kama kuna mtu mwengine aliyekuwapo chumbani. Nikasema hakuna ila mtoto. Akaandika. Kila jibu langu la kweli lilikuwa likimfaa Nabiha.

Fadhiya alikuwa amesimama mlangoni. Sikumwona Amatullah mpaka alipopita chini ya mkono wa mamake mdogo akaingia. Bwana Baya akamwambia kwa upole arudi nje, atazungumza naye baadaye peke yake. Mtoto hakurudi. Alimtazama bibi yake.

"Bi Mwanakuu hakunishika," akasema. "Aliweka mkono juu ya leso tu. Baba ndiye alinipinda, usiku, kwa sababu ya hesabu za shule. Bibi, wewe ulikuwako. Ulimwambia inatosha."

Hakulia wala hakupaza sauti. Alisema kama anayemkumbusha mtu mzima kitu alichokisahau.

Nabiha aligeuka akamtazama, na mtoto akarudi nyuma hatua moja, akainua ule mkono wa plasta mbele ya uso wake. Hakuna aliyemgusa. Uliinuka wenyewe, kama unavyopepesa jicho. Bwana Baya aliona, Fadhiya aliona, na Nabiha aliona vizuri kuliko sote. Fadhiya akamchukua mtoto akamtoa, na kutoka pale waliondoka kwenda zao kwenye feri. Amatullah hakutuaga, si bibi yake, si mimi.

Bwana Baya akavuta karatasi nyengine. Akasema sasa ni zamu yangu, na angependa kujua nimemchua mtoto huyu mara ngapi kwa jumla.

Nabiha akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile. Nilimwelewa bila neno, kama tulivyoelewana mkekani mbele ya mwalimu. Nikisema mara moja, hiyo ya mwisho, mimi nitatoka pale mwenye kusifiwa, na yeye atakuwa na jambo moja la kujibu badala ya mwaka mzima. Bado alikuwa akiniomba. Baada ya yote, alidhani bado anaweza kuniomba.

"Mara tano," nikasema. "Mguu, mgongo, mkono, mbavu, na huu. Ya pili niliona alama za vidole. Ya tatu nilimchua juu ya mfupa uliovunjika."

Akaniuliza kwa nini sikusema mapema. Nikamwambia aliyemleta alikuwa shoga yangu. Akaandika hivyo hivyo, na yalipoandikwa yalionekana madogo sana. Akanipa kalamu. Niliweka sahihi, si kidole. Nilitaka Nabiha anione nikiandika.

Tulitoka pamoja kwa sababu lango ni moja. Njia ya kurudi iko ng'ambo ya barabara kubwa, na saa ile magari yalikuwa yanakwenda kama yamefukuzwa. Nabiha huogopa kuvuka. Tangu tukiwa wasichana, akifika ukingoni mwa njia hunyoosha mkono nyuma bila kutazama, nami humshika tukavuka.

Alifika ukingoni. Mkono wake ukaja nyuma, vidole vimefunguka, ukakaa hewani kidogo. Kisha akakumbuka. Akaurudisha akaushika mkoba wake kwa mikono miwili.

Tulisimama pale, hatua nne baina yetu, tukingojea magari yapungue.